Mama ana miaka 74 na hataki kulazwa: je, kliniki inatosha?

Binti wa Kayole: Tangu baba afariki, mama halali vizuri, amepungua mwili na husahau hata sufuria motoni. Majirani wanasema ni uzee tu. Je, anaweza kutibiwa akitokea nyumbani?

Muuguzi mstaafu: Pole sana, dada. Anaweza. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya Barabara ya Thika jijini Nairobi na iliyoanza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka 1910, ina kliniki ya wagonjwa wa nje, ingawa jina lake bado huwatisha wazee wengi. Kwanza apimwe damu, ikiwemo tezi ya shingo na vitamini B12, kwa maana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ya mzee huweza kujificha ndani ya usahaulifu, na hata maambukizi ya mkojo huweza kumvuruga akili ghafla. Beba dawa zake zote, za presha zikiwemo.

Mkaazi wa Umoja: Baba yangu alianzishiwa dozi ndogo ya dawa ya sonona, nasi tukakata tamaa mapema mno; nafuu ilionekana baada ya wiki 5.

Binti wa Kayole: Asanteni. Nitamwambia tunakwenda kuuliza kuhusu usingizi, jambo ambalo si uongo.