Ushauri: taa za tanki la maji kwenye gari-nyumba zinasema limejaa hata likiwa kavu

SafariKundelungu
Yambo bandugu. Niko Lubumbashi. Nina gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na bafu ndani. Tanki la maji safi ni la lita 95, liko chini ya kitanda cha nyuma. Pale ukutani kuna taa nne za kuonyesha maji yamefika wapi, na zote zinawaka saa yote, hata tanki likiwa halina tone. Nimebadilisha fyuzi, nimesafisha waya, nimebadilisha hata ubao wa taa wenyewe. Sasa nataka kutoa kaptere zote (vile vipimio vya maji vya kwenye tanki) niweke mpya. Nichukue za aina gani? Na kuna njia ya kuona maji kwenye simu? Ijumaa ijayo gari linatoka na watu wanne kwenda Kundelungu. Nisaidieni, usingizi umenikimbia.

FundiRuashi
Karibu ndugu. Kabla hujanunua kitu, pima. Taa nne za namna hiyo kwa kawaida zinaendeshwa na skrubu za inoksi (chuma kisichoshika kutu) zilizopenya ukuta wa tanki: moja chini kabisa, ya pili kwenye theluthi, ya tatu kwenye theluthi mbili, ya nne juu. Skrubu ya chini ndiyo ya pamoja, na taa ya chini kabisa, ile ya tupu, inawaka hata bila maji. Maji yakipanda yanaunganisha ya chini na ile yaliyoifikia, umeme kidogo unapita, taa inawaka. Hakuna kitu kingine ndani yake.

Sasa tanki likiwa kavu, chomoa waya za skrubu tatu za juu. Taa tatu za juu zikizima, waya na ubao ni vizima, kosa liko kwenye tanki. Zikibaki zinawaka, kuna waya uliochubuka njiani na unagusa chesisi. Fanya hivyo halafu rudi hapa.

MamaRobine
Mimi ningeanza na pampu. Hizi pampu ndogo za volti 12 zenye ngozi ndani zinavumilia kukimbia bila maji kwa muda mfupi, lakini ukiisahau usiku kucha ngozi inapata joto na valvu zinapasuka. Taa zikiwa zinakudanganya, aliye hatarini wa kwanza ni pampu. Weka swichi yake karibu na mlango na uizime kila mnapolala. Angalia pia chujio kabla ya pampu: likiziba, pampu inalia kama tanki limekwisha, kumbe maji yapo.

SafariKundelungu
Aksanti mama, pampu ni nzima. Fundi, nimefanya ulivyosema. Nikichomoa, taa tatu za juu zinazima. Nikirudisha, zote zinawaka, na tanki ni kavu kabisa, nimelipangusa kwa kitambaa.

FundiRuashi
Basi kosa liko kwenye ukuta wa tanki. Kitu fulani kinaunganisha skrubu zote bila maji. Niambie tanki ni la nini, na vipimo vyake: urefu, upana, kina.

SafariKundelungu
Urefu sm 90, upana sm 45, kina sm 30. Lakini hizo skrubu nimeshaamua kuziacha. Nimenunua kaptere ya kubandika nje, ule utepe unaosoma maji kupitia ukuta bila kutoboa. Nimeubandika jana na wenyewe unasema limejaa. Labda nimeubandika vibaya. Unatakiwa umbali gani kutoka kona? Nimeshaulipia, sitaki kuurudisha.

Njia_ya_Likasi
Mnaisahau chokaa. Maji ya visima vya Lubumbashi yanatoka kwenye miamba ya dolomiti, ndiyo maana birika zetu zinakuwa nyeupe ndani. Chokaa ileile inajenga ngozi kati ya skrubu na skrubu, na ngozi hiyo ikishika unyevu inapitisha umeme. Dawa yake ni asidi ya limau ya unga, gramu 20 hadi 30 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Jaza mpaka juu ya skrubu ya mwisho, acha saa nne, mwaga, suuza mara tatu. Na tafadhali, msichanganye na maji ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo). Asidi ikikutana na javeli inatoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa hiyo inaua.

Kamalondo77
Samahani, mimi nimepiga hesabu. 90 × 45 × 30 ni sm za ujazo 121,500, yaani lita 121 na nusu. Ulisema lita 95. Ukuta wa plastiki hauli lita 26. Halafu ulipoulizwa tanki ni la nini ukajibu vipimo tu. Halafu ukaleta utepe mpya wa kununua. Nimeona nyuzi za namna hii: mtu anatunga shida, ukurasa wa pili rafiki yake anakuja na kaptere za kuuza. Kama gari lipo, weka picha ya tanki.

Njia_ya_Likasi
Kamalondo ana haki. Mimi nimeandika mambo ya asidi hapo juu kwa nia njema, na nisingependa mtu aifanyie majaribio kwa ajili ya hadithi.

SafariKundelungu
Siuzi kitu chochote. Kwani mtu akikosea lita ndiyo ameshakuwa mwongo?

FundiRuashi
Ngojeni kidogo. Kuna jambo moja tu linaloweza kufanya yote haya yawe kweli: lita zisizolingana, skrubu zinazosema limejaa kwenye ukavu, na utepe wa nje unaosema limejaa. Tanki hilo ni la chuma. Skrubu nne ndani ya ukuta wa chuma zimeunganishwa na ukuta wenyewe. Na utepe wa nje unasoma jinsi maji yanavyobadilisha uwanja wa umeme ng'ambo ya plastiki. Ukiubandika kwenye chuma, chuma kinauziba, hauoni nyuma yake. Ndugu, jibu swali langu la mara ya kwanza.

SafariKundelungu
Ni kweli. Tanki la plastiki la lita 95 lilipasuka kona. Mchomeleaji akanitengenezea lingine la bati lenye zinki, mm 2, na nikamwomba atoboe matundu ya skrubu pale pale palipokuwa kwenye la zamani. Sikutaja kwa sababu najua mtaniambia nilitupe, na silitupi. Limetoshea vizuri, halivuji, ni kubwa kuliko la kwanza. Na kabla ya kuandika hapa nilikuwa nimeshamwaga lita 5 za siki ndani, nikidhani ni uchafu.

Kamalondo77
Basi nafuta neno langu, na naomba radhi. Lakini ungesema siku ya kwanza tusingepoteza kurasa mbili.

MamaRobine
Kaptere ziwekeni pembeni kidogo. Siki inayeyusha zinki. Maji yatakayokaa humo yatabeba zinki, na ikiwa nyingi inaleta ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Na kwenye mistari ya kuchomelea zinki ilishaungua kwa moto, hapo ni chuma kitupu na kutu inaanzia hapo. Watu wanne hawawezi kunywa kutoka humo. Hilo halina mjadala, waambie kabla hawajapanda. Wabebee maji ya kunywa kwenye bidoni za chakula.

Suuza mara tatu kwa maji mengi, na usitie tena siki wala asidi. Ushauri wa asidi ya limau hapo juu ni wa tanki la plastiki au inoksi, kwa zinki ni sumu.

Njia_ya_Likasi
Ni hivyo, mama. Nilidhani ni plastiki. Asimwage asidi humo.

SafariKundelungu
Sawa, ya kunywa nitabeba bidoni. Tanki litakuwa la kuoga na vyombo tu. Lakini tanki linabaki. Je, nikivalisha skrubu mipira ili zisiguse chuma?

FundiRuashi
Inawezekana, lakini haitakupa raha. Mpira unakupa nafasi ya mm 3 au 4 kati ya skrubu na ukuta. Gari likitikisika, nafasi hiyo inalowa, na ukuta wote umefungwa kwenye chesisi. Taa itawaka mpaka pakauke.

Kwa tanki la chuma chukua fimbo ya boya inayoingilia juu. Ni bomba jembamba la inoksi lenye swichi za ridi ndani (swichi ndogo zinazofungwa na sumaku), na boya lenye sumaku linalopanda na kushuka juu yake. Haijali ukuta ni wa nini. Mambo ya kushika ni haya.

Urefu: kina chako ni sm 30, chukua fimbo ya sm 25 au 27. Isiguse chini. Boya likilala chini bado kuna maji ya sm 3 hadi 5 ambayo geji (saa yenye sindano) haiyaoni. Kwako kila sentimita ni lita 4, kwa hiyo geji ikisema tupu utakuwa bado na lita 12 hadi 20. Hiyo ni akiba, usiisahihishe.

Ukinzani: kuna familia mbili. Ya Kimarekani ni omu 240 tupu na 33 ikijaa. Ya Kiulaya inaanza karibu na 0 tupu na inafika 180 au 190 ikijaa. Fimbo na geji lazima ziwe za familia moja. Ukizichanganya sindano itakwenda kinyume, na utafikiri fimbo ni mbovu. Ubao wako wa taa wa zamani hausomi hata moja kati ya hizo, kwa hiyo nunua geji pamoja na fimbo.

Hatua: swichi za ridi ziko mbalimbali, nyingi kila mm 21. Kwako hiyo ni kama lita 8 na nusu kwa kila hatua. Ukipata ya mm 12 ni bora, hatua inashuka karibu lita 5.

Mahali: katikati ya tanki. Gari likiegeshwa kwenye mteremko wa nyuzi 3 tu, maji yanatofautiana karibu sm 5 kati ya ncha na ncha. Fimbo ikiwa kwenye kona, inakosea karibu lita 10. Katikati haikosei.

Kofia ya fimbo ina matundu matano ya bolti, na moja limepangwa kando kidogo ili ikae kwa namna moja tu. Weka alama kwanza, toboa baadaye. Chini ya kofia weka ringi nene ya mpira, na usitumie bolti za shaba: shaba kwenye zinki yenye maji inaila zinki.

Kamalondo77
Kwa Ijumaa fimbo inaweza isifike. Kuna kitu unachoweza kufanya leo: mpira wa kuonea. Matundu ya skrubu yapo tayari. Panua la chini na la juu, weka viungio vya plastiki vyenye ringi za mpira pande zote mbili, unganisha kwa mpira mwangavu wa kipenyo cha ndani mm 8 au 10. Matundu mawili ya katikati yazibe kwa bolti na ringi. Ncha ya juu ya mpira lazima irudi ndani ya tanki juu ya maji. Ukiiziba, hewa inabaki na kiwango kinasoma uongo. Pale chini weka robine ndogo na uifunge gari likitembea, kwa sababu mpira ukichomoka tanki lote litamwagika kitandani. Ufunike kwa kitambaa cheusi, mwanga unaleta majani ya kijani ndani.

Na ufunge tanki lenyewe kwa mikanda ya chuma. Bati la mm 2 kwa vipimo vyako lina kilo 25, ongeza kilo 121 za maji. Vifungo vya tanki la plastiki havikupimwa kwa uzito huo.

SafariKundelungu
Mpira wa kuonea nimeuelewa. Lakini simu bado naitaka. Kuna mtu amenipa kaptere ya mawimbi ya sauti, ile ya kubandika juu, na mwingine ana ya kanieneo (inapima msukumo wa maji), ya kuzama.

Mwalimu_Waya
Zote mbili hazikufai, na sababu ni kina. Ya sauti isiyopitisha maji, zile za bei ndogo, ina eneo la upofu la sm 20 hadi 25 chini ya uso wake. Tanki lako lina sm 30. Itaona maji yakiwa yamebaki kidogo tu.

Ya kanieneo: nyingi zinazouzwa zinapima mita 5. Wewe una sm 30. Kosa la nusu asilimia ya mita 5 ni sm 2.5, yaani lita 10. Na kama imefungwa bila kijibomba cha hewa ndani ya waya, inapima pia hewa ya nje: ukipanda mita 500, hewa inapungua kiasi kinacholingana na nusu mita ya maji. Kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu itakuambia tanki halina kitu.

Tumia fimbo ya fundi, omu 240 hadi 33, na ubao wa ESP32 (kompyuta ndogo inayopeleka namba kwenye simu bila waya). Weka ukinzani wa omu 220 kutoka kwenye volti 3.3 hadi waya wa fimbo, waya wa pili wa fimbo kwenye ardhi. Pale ukinzani na fimbo vinapokutana ndipo ubao unaposoma: tupu volti 1.72, ikijaa volti 0.43. Soma mara 20 ndani ya sekunde 10, chukua wastani, la sivyo maji yakicheza namba inacheza. Ulishe ubao kupitia kishusha volti cha 5, kwa sababu alternata ikichaji betri inapita volti 14.

Onyo moja: usifunge geji na ubao kwenye fimbo moja. Geji inapeleka umeme wake wa volti 12 kwenye waya uleule, na ubao utaungua siku hiyohiyo. Chagua kimoja, au weka fimbo mbili.

SafariKundelungu
Nimechagua geji kwa sasa, simu itafuata. Mpira wa kuonea umeshakaa tangu Jumatano, na fimbo imefika leo asubuhi. Multimita inasema tupu 238, imejaa 34. Nimejaza kwa ndoo nikihesabu. Mahali pamoja sindano haikusogea kabisa kutoka lita 60 hadi 65, ikaruka ghafla. Fimbo ni mbovu?

FundiRuashi
Ni nzima. Hiyo ndiyo hatua ya ridi niliyokuambia, boya lilikuwa kati ya swichi mbili. Linganisha na mpira wa kuonea, andika kwenye utepe lita za kila mruko, uubandike kando ya geji. Bidoni za kunywa umeshapakia?

SafariKundelungu
Sita za lita 20, ziko ndani. Na nimeandika juu ya bomba: si ya kunywa.