Tupeane uzoefu: mliuchaguaje mfumo wa kanuni wa kampeni yenu ya mezani?

Mwana wa Chumbageni
Ndugu zangu, jana tulikaa watu watano nyumbani kwangu tukabishana hadi saa sita za usiku bila kurusha dadu hata mara moja. Kampeni tunayoitaka, yaani hadithi ndefu ambayo msimulizi anaiongoza na kila mchezaji anaigiza mhusika wake, tunaijua: msafara wa pembe za ndovu unaotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo katika miaka ya 1880, wenye wapagazi, kirangozi anayewaongoza, na watemi wa Ugogo wanaodai hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani. Tusichokijua ni kanuni za kuuendeshea. Wawili wanataka kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons kwa sababu ndiyo waliyoizoea, mmoja anataka GURPS, mfumo mwingine wa kanuni za michezo kama hii, nasi wawili tuliobaki hatuna msimamo. Naomba waliokwisha kupita njia hii watueleze yaliyowakuta, hasa yaliyowaharibikia.

Binti Pangani
Umenikumbusha kofia ya baba yangu. Tulianza na toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la mwaka 2014, ambalo karibu kila jambo huamuliwa kwa dadu ya pande 20, na madukani tulipata dadu za ludo tu. Tulikata vipande 20 vya karatasi, tukaviandika namba, tukavitia ndani ya kofia. Kosa letu ni kwamba kipande kilichotoka hatukukirudisha. Kufikia saa nne za usiku kila mtu alijua kuwa 20 haijatoka, na mwenzetu mmoja akawa anakataa kushambulia mpaka namba ndogo ziishe. Dadu halisi haikumbuki kitu. Kila unaporusha, kila upande una nafasi moja kati ya 20. Kofia yetu ilikuwa inakumbuka. Tulicheza hivyo wiki tatu, na tulipogundua hapakuwa na ushindi hata mmoja ambao tungeweza kuuamini. Kwa hiyo, kaka, kabla hujachagua kanuni, angalia kwanza una dadu gani.

Wa Barabara ya Nane
Ni kweli tupu. Sisi pia tulikuwa na kofia.

Mpagazi wa Kaole
Kampeni kama yako tuliiendesha hapa Bagamoyo, na ilivunjika katika kikao cha pili. Mtemi alidai hongo, wachezaji wakatazama karatasi za wahusika wao, wakaona ukurasa mzima wa silaha, kinga na mapigo, na mstari mmoja tu wa kushawishi. Wakamuua mtemi. Siwalaumu, kwa maana kanuni tulizozifuata ziliwapa alama za uzoefu kwa kumshinda adui. Baadaye tulihamia kanuni za jamii ya Apocalypse World, mchezo uliotoka mwaka 2010, ambazo hutumia dadu mbili za pande sita: ukipata 10 au zaidi umefanikiwa, ukipata 7 hadi 9 umefanikiwa kwa gharama, na ukipata 6 au chini ya hapo msimulizi ndiye anayeamua balaa. Bila nyongeza yoyote, ile 7 hadi 9 hutokea mara 15 katika 36. Hongo yenyewe ndiyo hiyo: unapita, lakini unaacha doti mbili za kitambaa cha merikani.

Mzee wa Mkwakwani
Hapo unazisingizia kanuni kosa la msimulizi. Msimulizi angeweza kutoa alama hizo hizo kwa mazungumzo yaliyofaulu. Huyu kijana achukue GURPS, iliyoko tangu mwaka 1986. Ni dadu tatu za ludo, unajumlisha, na unatakiwa usipite kiwango cha ujuzi wako. Ina ujuzi wa biashara, ina lugha, na ina hesabu ya uzito, kwa hiyo mpagazi mwenye frasila mbili begani atachoka kweli.

Mpagazi wa Kaole
Shikamoo, Mzee. Kwa heshima zote, kuunda wahusika wa GURPS kulitugharimu jioni mbili, na jioni ya tatu mmoja wetu hakurudi.

Mama wa Raskazone
Niliendesha Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa mwaka 1981, kwa sababu hutumia asilimia, na asilimia kila mtu anazielewa. Hakuna aliyeuliza kanuni hizo zinaelekea wapi. Zinaelekea kwenye kumpunguzia mhusika akili timamu, kidogo kidogo, kila anapoona jambo la kutisha. Usiku mmoja nilisimulia maiti iliyosukumwa na maji hadi ufukweni, nikawaambia wote warushe. Mezani alikuwepo binti ambaye kaka yake alikwenda kuvua, ukarudi mtumbwi peke yake. Alipata 91, na katika mchezo huo namba kubwa ni kushindwa. Kanuni zinataka nimtajie alama alizopoteza, nikamtajia. Aliweka dadu chini taratibu, akachukua mtandio wake, akaondoka. Asubuhi nilikwenda kwao kuomba radhi. Aliniambia, «Mama, hadithi haikunikera. Kilichoniuma ni kusomewa hesabu ya jambo lililonipata.»

Wa Barabara ya Nane
Pole sana, Mama.

Binti Pangani
Nimesoma mara mbili. Je, alirudi kucheza?

Mama wa Raskazone
Alirudi baada ya miezi minne, kwa kanuni nyingine. Sasa, kabla ya kuchagua mfumo, kila mtu huniandikia pembeni jambo asilotaka liguswe.

Mzee wa Mkwakwani
Hilo ni la kuwajua watu wako, si la kanuni.

Mpagazi wa Kaole
Ni la kanuni pia, Mzee, kwa kuwa ni kanuni zilizomlazimisha Mama kutaja namba.

Kijana wa Sahare
Kama wale wawili watashikilia Dungeons & Dragons, msinunue kitabu kwanza. Kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mnaruhusiwa hata kuzitafsiri kwa Kiswahili mradi mtaje zilikotoka. Sisi tulitafsiri kurasa nne tu, na mabishano yalipungua sana.

Mwana wa Chumbageni
Ahsanteni. Ijumaa tutalicheza tukio moja la hongo mara mbili, kwanza kwa dadu mbili za Kaole, kisha kwa dadu tatu za Mzee, tukiwa na wahusika walioandaliwa mapema. Karatasi za Mama zitaandikwa kabla ya yote hayo. Dadu za ludo ninazo mbili. Nahitaji ya tatu.

Binti Pangani
Nitakuletea Alhamisi.