Vidonda vya mdomoni: dawa ya kupaka haikai

MamaNdizi_Pasua: Jamani habari za jioni. Tangu Januari, kila mwezi natoka kidonda ndani ya mdomo wa chini: cheupe katikati, chekundu pembeni, kidogo kama punje ya mchele. Juzi pale sokoni Kiboriloni nimekunywa mtori, tena umepoa, machozi yakanitoka hadi mteja akadhani nimefiwa. Famasi wamenipa triamsinoloni 0.1%. Napaka, dakika mbili imeshaondoka na mate. Nakosea wapi?

Kaka_Sakina: Dada pole. Unasugua, sivyo? Ukisugua inakuwa chenga chenga kama mchanga. Kausha kidonda kwa pamba, weka kidogo sana, bonyeza taratibu mpaka ufanye utando laini. Paka ukishakula, na usiku baada ya mswaki. Hiyo ni steroidi: inatuliza uvimbe na maumivu, haizuii kingine kutoka mwezi ujao. Usiweke kwenye fangasi.

BibiWaMajengo: Mwanangu, kapime damu pia. Mimi ilikuwa upungufu wa madini chuma, nikahangaika na chumvi bure. Na kidonda kikipita wiki tatu, nenda kwa daktari.

Kaka_Sakina: Kuna na dawa nyingine ya kupaka, amleksanoksi 5%, si steroidi, Marekani waliiruhusu 1996 ila baadaye ikatoka sokoni huko; ilipakwa mara nne kwa siku. Nimezunguka Arusha sijaipata.

MamaNdizi_Pasua: Nimebonyeza jana usiku, imekaa! Asanteni. Mteja wangu bado ananipa pole ya msiba.