911 kwenye simu za ofisi: zimamoto watajuaje ni ghorofa ya ngapi?

waya_na_soketi
Wakuu, habari za kazi. Ofisi iko Dallas, Marekani, ina ghorofa 3, na simu za mezani 64 kwenye FreePBX (programu ya kuendesha mtambo wa simu wa ofisi). Laini ya nje inapatikana kwa kubonyeza 9, na simu zote zinatoka na namba ya mapokezi. Wenzetu 6 wako Nairobi, wanatumia ekstensheni zetu (namba za ndani) kwa programu ya kompyuta; za kwao tu ndizo 4XX, yaani tarakimu tatu zinazoanza na 4. Nataka mtu akipiga 911 (namba ya dharura ya Marekani) ipite, na wanaokuja wajue pa kwenda. Nianzie wapi?

Fundi Mitambo
Anza na hiyo 9. Kari Hunt aliuawa hotelini Marshall, Texas, Desemba 2013. Bintiye wa miaka 9 alipiga 911 mara 4 bila kumpata mtu, kwa sababu simu ya chumbani ilitaka 9 kwanza. Ndiyo asili ya Sheria ya Kari ya Marekani: mtambo uliouzwa au kufungwa baada ya 16 Februari 2020 lazima upitishe 911 bila tarakimu ya mbele.

Fungua "Outbound Routes" (njia za simu zinazotoka), tengeneza njia mpya, itie alama ya "Emergency" na uipandishe juu kabisa. Weka 911 peke yake, halafu mstari wa pili wenye 9 kwenye kisanduku cha "prefix" (tarakimu za mbele zinazoondolewa) na 911 kwenye "match pattern" (namba inayobaki). Ukiandika 9911 nzima kama namba, mtoa huduma atapokea 9911 na kuikataa. Mstari huo usiuache: mwenye mazoea ya 9 ataibonyeza hata chumba kikijaa moshi.

Sheria hiyo hiyo inataka mapokezi au walinzi wajulishwe papo hapo: 911 imepigwa, kutoka wapi, na namba ya kurudisha simu. Barua pepe pekee haitoshi, inakaa bila kusomwa. Fanya simu ya mapokezi nayo iite.

mama_seva
Kuhusu mahali: kituo cha dharura hutafuta anwani kwa namba inayoingia. Namba moja ya mapokezi ni anwani moja kwa jengo zima. Nunua namba moja kwa kila ghorofa, au kwa kila upande kama ghorofa ni pana, mpe mtoa huduma anwani yenye ghorofa na chumba, kisha andika namba hiyo kwenye "Emergency CID" (namba inayoonekana simu ya dharura ikitoka) ya kila ekstensheni.

Panapoharibika mara nyingi ni hapa: namba hizo hazina njia ya kuingilia. Simu ikikatika, kituo kinapiga tena na hakuna kinachoita. Zielekeze kwenye simu za ghorofa husika.

Jaribu kwa 933, namba ya majaribio, kama mtoa huduma wako anayo, itakusomea anwani. Iweke ndani ya njia ile ile ya dharura, la sivyo itatoka na namba ya mapokezi na jaribio halitakuambia kitu. Simu ikihamishwa meza, rudia.

Nairobi_Sipu
Hao 6 wakipiga 911 sasa hivi watapokelewa Texas, na 999, namba ya dharura ya Kenya, haitafika popote. Weka njia nyingine juu ya ile ya dharura, yenye 4XX kwenye kisanduku cha "CallerID" (namba ya anayepiga), ipeleke 999, 112 na 911 kwenye laini ya Kenya iliyopo ofisini kwao, na 911 igeuzwe 999 huko. Anayefanyia kazi nyumbani atumie simu yake ya mkononi. Mwambieni hivyo kwa maandishi.