Kura za maoni za Ulaya: ukisema "ndiyo" yamekwisha, ukisema "hapana" utaulizwa tena

Nimechoshwa na hoja inayotolewa kila mara kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya inapokwenda kinyume na matakwa ya wakubwa, kwamba eti wananchi hawakuelewa walichokuwa wakikipigia kura. Hoja hiyo ni tusi, na kibaya zaidi ni kwamba waitoao ni wale wale walioandaa mikataba isiyosomeka.

Tazameni mwaka 1992. Tarehe 2 Juni Wadenmark waliukataa Mkataba wa Maastricht, ule ulioanzisha Umoja wa Ulaya, kwa asilimia 50.7, na kabla miezi minne haijatimia Wafaransa wakaukubali kwa asilimia 51 tu. Matokeo yote mawili yalikuwa ya kuponea chupuchupu, lakini ni Wadenmark peke yao walioitwa tena vituoni, Mei 1993, ilhali "ndiyo" ya Wafaransa haikuguswa. Ni kweli kwamba Denmark haikutoka mikono mitupu, kwani ilipewa misamaha minne, mmojawapo ukiwa wa kutolazimika kutumia sarafu ya pamoja. Hata hivyo, usiku wa matokeo ya pili, safari hii "ndiyo", zilizuka ghasia katika eneo la Nørrebro mjini Copenhagen, polisi wakafyatua risasi za moto na kujeruhi watu.

Huko Ireland mchezo huu ulichezwa mara mbili. Mkataba wa Nice, ulioandaa Umoja kupokea wanachama wapya, ulikataliwa Juni 2001, katika kura ambayo takribani theluthi moja tu ya wapiga kura walijitokeza, ukapitishwa Oktoba 2002. Kisha ukaja Mkataba wa Lisbon, ambao Ireland pekee ndiyo iliyoupeleka kwa wananchi, kwa sababu hukumu ya Mahakama yake ya Juu ya mwaka 1987 ilikwisha kuweka wazi kwamba serikali haiwezi kuridhia mabadiliko makubwa ya namna hiyo bila kwanza kubadili katiba kwa kura ya wananchi. Asilimia 53.4 wakasema hapana, Juni 2008.

Na kwa nini wasikatae? Mkataba wenyewe ulikuwa marekebisho ya mikataba ya zamani, ukurasa baada ya ukurasa wa "futa maneno haya, weka yale", hata usiweze kuusoma bila kufungua mikataba mingine kando yake. Waziri Mkuu Brian Cowen alikiri kwamba hakuwa ameusoma wote, na Charlie McCreevy, kamishna wa Ireland katika Tume ya Ulaya mjini Brussels, naye akakiri vivyo hivyo. Sasa mpiga kura aliyetoka kazini jioni alitakiwa aelewe nini? Wapinzani wakaingilia hapo hapo na kaulimbiu ya kwamba kama hujui, piga hapana, na wengine wao wakaeneza uongo wa wazi kuhusu utoaji mimba na vijana kulazimishwa kuingia katika jeshi la Ulaya. Siwatetei waongo hao, lakini uongo hupata nafasi pale mwenye jukumu la kueleza anapokuwa hajui cha kueleza. Oktoba 2009 wananchi wakaulizwa tena, wakakubali kwa asilimia 67, kama wanafunzi waliopewa mtihani wa marudio.

Wanaosema tatizo ni ujinga waniambie kuhusu Ufaransa ya mwaka 2005. Nakala za Katiba ya Ulaya, mkataba uliokusudiwa kuchukua nafasi ya mikataba ya awali, yenye vifungu 448, zilitumwa majumbani, watu wakabishana kwa miezi, na karibu asilimia 70 wakajitokeza. Jibu likawa hapana kwa asilimia 54.7, na siku tatu baadaye Waholanzi wakakataa kwa zaidi ya asilimia 61. Sehemu kubwa ya yaliyokataliwa ikarejeshwa ndani ya Mkataba huo huo wa Lisbon, na safari hii mabunge ya Ufaransa na Uholanzi yakauridhia bila wananchi kuulizwa. (Umoja huu ndio hututumia waangalizi wa uchaguzi, kama ulivyofanya Kenya mwaka 2017, na ripoti zao hazikosi sehemu ya elimu ya mpiga kura.)

Waholanzi walionja tena mwaka 2016, walipoukataa mkataba wa ushirikiano kati ya Umoja wa Ulaya na Ukraine. Serikali ikaomba maelezo ya nyongeza kutoka kwa wenzake, ikauridhia, na mwaka 2018 ikaifuta kabisa sheria iliyowapa wananchi kura hiyo ya ushauri.

Sipingi muungano wa Ulaya, wala sidai kwamba suala likipigiwa kura mara moja lifungwe milele. Ninachodai ni kipimo kimoja kwa majibu yote mawili. Anayeona nimewaonea, anitajie "ndiyo" moja tu kuhusu mkataba wa Ulaya iliyorudiwa baada ya miezi kumi na sita, kama zilivyorudiwa zile "hapana" mbili za Ireland, kwa sababu serikali iliona wananchi hawakuelewa.