Nimebadilisha mazabodi, Windows inadai leseni upya: niende na njia ipi?

Mama_Stationari
Wakuu, habari za jioni. Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Morogoro, Tanzania. Wiki iliyopita umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa kishindo na kuondoka na mazabodi, yaani bodi kuu, ya kompyuta yangu ya mezani. Fundi kaweka bodi mpya na prosesa mpya, diski ikafomatiwa, ikapigwa Windows 11. Sasa pembeni chini kulia kuna maandishi ya kijivu yananitaka niamilishe (niaktiveti) Windows, na nikifuata napewa msimbo wa kosa 0xC004F211. Wateja wakisimama kaunta wanayaona. Jana bwana harusi mmoja kaniuliza kama kadi zake zitatoka na hayo maandishi. Hayatoki, nimeshajaribu.

Kinachonishangaza, laptopu ya dukani nayo niliibadilishia diski mwezi huu huu, nikaweka SSD, ikapigwa Windows upya, wala haikuuliza kitu.

Nimeshauriwa mambo manne: kii (zile herufi na namba za leseni) ya mtandaoni ya elfu ishirini na tano, fundi anipigie kraki, yaani programu ya kuidanganya Windows kuwa ina leseni, ninunue leseni kamili, au nihamie Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows. Naomba mnilinganishie kabla sijatoa hela.

Fundi_Bodi
Shikamoo mama. Tuanze na laptopu, maana jibu lako limejificha humo. Windows haiitambui kompyuta kwa diski, inaitambua zaidi kwa bodi. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, kii yake imeandikwa ndani ya chipu ya bodi yenyewe. Fomati mara kumi, badilisha diski, ongeza ramu; ukiweka toleo lile lile na ukaunga intaneti, inajiaktiveti. Wakati wa kuinstoli ikikuomba kii unabonyeza sina, unasonga mbele.

Bodi ikibadilika, kwa Microsoft hiyo ni kompyuta nyingine. 0xC004F211 maana yake ndiyo hiyo, kwamba vifaa vimebadilika. Usihangaike na antivairasi.

Kabla ya kununua chochote, jua ulikuwa na leseni ya aina gani. Fungua dirisha jeusi la amri, andika slmgr /dli, bonyeza enta, tuletee kilichoandikwa.

Bandari_Kuu
Mama, hapo kwa kraki nisikilize mimi niliyeungua. Niko Mombasa, nilikuwa na saiba ya mashine sita, zote nimezitia hiyo dawa. Programu zile nyingi hujifanya seva ya ofisi kubwa. Leseni inayopatikana hivyo ni ya siku 180, na ndani ya siku hizo inatafuta seva ijirefushe; isipoipata inakatika. Lakini hilo si baya zaidi. Baya ni sharti la kwanza kwenye maelekezo yao: zima ulinzi wa Windows ndipo uifungue faili. Yaani mgeni anakwambia funga mbwa kwanza ndipo aingie, nawe unafunga.

Baada ya wiki mbili barua pepe ya saiba ikaanza kutuma matangazo kwa wateja wangu. Wewe watu wanakuletea vitambulisho na vyeti kwenye flashi. Usithubutu.

Kijana_wa_Bei
Elfu ishirini na tano si mbaya jamani. Mimi nilinunua hizo kii, ikakubali papo hapo, nikaichapa kazi.

Mwl_Hesabu
Ilidumu muda gani?

Kijana_wa_Bei
Miezi minne hivi. Kisha ikaleta 0xC004C003, muuzaji hapatikani. Lakini miezi minne ni miezi minne 😂

Mwl_Hesabu
Msimbo huo unamaanisha kii imefungiwa. Nyingi ya hizo kii za bei ya kutupa ni za kampuni au taasisi, zenye idadi maalumu ya kompyuta, na mtu anaziuza rejareja kama karanga. Siku wenyewe wakigundua, mnazimwa wote. Kwa hiyo tusiseme ni rahisi. Ni kodi ya miezi minne isiyo na mkataba.

Mama_Stationari
Marahaba Fundi. Nimeandika hiyo amri. Imeleta kidirisha: Windows, Core edition, halafu RETAIL channel. Kii ya mwisho wameonyesha herufi tano tu, 8HVX7. Hali wanasema ni ya taarifa, bado haijaamilishwa.

Fundi_Bodi
RETAIL! Hongera mama, hiyo leseni ni ya dukani, inahamishika kutoka mashine hadi mashine. Zile za kiwandani ndizo hufa na bodi yake.

Mwl_Hesabu
Samahani Fundi, hapo tumwambie mama ukweli asije akafurahi bure. 8HVX7 si kii yake. Ukiinstoli toleo la Home (ndiyo hiyo Core) bila kuweka kii, Windows yenyewe inabandika kii ya mfano, ya dunia nzima, inayoishia hivyo hivyo. Ya Pro huishia 3V66T. Zote mbili husomeka RETAIL. Ile amri ilipaswa kuandikwa kabla diski haijafomatiwa, na hata hapo, waliohamia Windows 10 bure kutoka Windows 7 walikuwa wanaona kii hiyo hiyo ya mfano, maana leseni yao ilibaki kwenye seva za Microsoft.

Mama, maswali mawili. Windows ya kwanza uliipataje? Na je, uliwahi kuingia kwenye hiyo kompyuta kwa akaunti ya Microsoft, au ulitumia jina tu na nywila?

Fundi_Bodi
Nimekosea, asante mwalimu. Nimeshaangalia mashine iliyopo mezani kwangu, nayo ni 3V66T.

Pengwini_Arusha
Wakati mama anatafuta, niitetee Linux. Mint au Ubuntu haina leseni ya kuamilisha, badilisha bodi kila Jumatatu ukipenda. Printa nyingi zinakubali bila hata kuwekewa draiva. Ila nisiwe mnafiki: duka la kuchapa linaishi kwa faili za wateja. Mtu analeta barua ya Word, ukiifungua kwenye LibreOffice, mbadala wa Word, jedwali linasogea mstari mmoja, na huyo mtu ana usaili saa nne. Kwa mashine ya kutolea kopi na kuskani, weka. Kwa ile ya kaunta, ningesita.

Bandari_Kuu
Na akiacha hivi hivi bila kuaktiveti?

Mwl_Hesabu
Inafanya kazi. Hawezi kubadilisha picha ya ukutani na rangi, na yale maandishi yanabaki. Masasisho ya usalama yanaingia. Lakini bila leseni hana haki ya kuitumia, na ni biashara. Kama pahali pa kusubiria wiki mbili tatu, si mbaya kama kraki.

Leseni mpya kamili bei ya Microsoft kwa Marekani ni dola 139 kwa Home na 199 kwa Pro, piga hesabu mwenyewe kwa shilingi. Ningeiweka ya mwisho, baada ya kuhakikisha huna ya zamani.

Mama_Stationari
Akaunti ya Microsoft sikuwahi kuweka, nilikuwa naingia kwa nywila tu. Lakini Windows niliinunua dukani mwaka 2019 ikiwa ndani ya boksi, na flashi yake. Boksi limeandikwa Windows 10 Pro. Flashi niliifanyia mambo yangu zamani. Boksi nadhani lipo stoo chini ya karatasi za A3.

Mwl_Hesabu
Mama, kalitafute leo leo! Ndani kuna kikadi chenye herufi na namba 25. Kii ya Windows 10 inakubali na Windows 11. Kwa kuwa hukuunganisha akaunti, kile kitufe cha kusema nimebadilisha vifaa hakitakusaidia; kinataka uione mashine ya zamani kwenye orodha ya akaunti yako. Kikadi ndiyo njia yako. Na usishtuke: fundi kakuwekea Home, kii ni ya Pro. Ukiiandika kwenye mipangilio ya uamilishaji, itabadilisha toleo yenyewe na kuwaka upya, faili hazifutiki.

Fundi_Bodi
Naongezea kwa wanaosoma baadaye. Laptopu ikifa bodi mkanunua ya mtumba ya modeli ile ile, hiyo bodi inakuja na kii yake ndani. Mara nyingi Windows inajiaktiveti kwa kii ya bodi ngeni, ila kwa toleo la bodi hiyo. Ulikuwa na Pro, bodi ina Home, utakuta Home.

Na kabla ya kung'oa bodi yoyote angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda faili. Kuna dada aliniletea laptopu, bodi tumebadilisha vizuri kabisa, imewaka, ikaomba tarakimu 48. Hajawahi kuzisikia. Tulijaribu kila akaunti aliyokumbuka, ya tatu ndiyo ilikuwa nazo, barua pepe aliyofungua chuoni. Alikuwa ameshaanza kulia.

Mama_Stationari
Wapendwa, nimelipata. Panya wamekula kona ya boksi, kikadi kizima. Nimeandika zile 25, mara ya kwanza nimekosea B nikaweka 8. Mara ya pili ikasema inaboresha toleo, ikazima, ikawaka, maandishi ya kijivu hayapo. Amri ya slmgr /xpr inasema imeamilishwa kwa kudumu. Nimeunganisha na akaunti papo hapo kabla umeme haujafanya tena mambo yake.

Ile laptopu kumbe nayo diski imefungwa, sikuwa na habari. Tarakimu 48 nimezikuta kwenye akaunti, nimezichapa na kuzigundisha ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni. Hilo halipotei.