Kibaka anapigwa kiberiti, fisadi anapewa muda arudishe: tatizo ni sheria au ni sisi?

Mleta mada

Wakuu, nina hoja moja, na naomba tuijadili bila kuingiza vyama.

Februari 2016 mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, walitolewa gerezani wakaenda kufanya usafi hospitali ya Sinza Palestina, Dar es Salaam. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu ilikuwa imewatia hatiani kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya Sh bilioni 11.7, zile habari za msamaha wa kodi kwa kampuni iliyokuwa inakagua dhahabu. Walipewa miaka mitatu, rufaa ikashusha ikawa miwili, kisha ukaja ufagio. Watu tulicheka, tukaambiana "wamepatikana", tukaendelea na mambo yetu.

Sasa mchukue kijana wa Manzese aliyepora simu akiwa na kisu. Kanuni ya Adhabu inaliita kosa lake unyang'anyi wa kutumia silaha, na kima cha chini ni miaka 30. Hakimu hata akimhurumia hana pa kushukia. Dhamana hakuna. Na huyo ana bahati, maana kituoni amefika. Mwenzake aliyepigiwa yowe la "mwizi!" pale kituo cha daladala alikutana na matofali, na kuna aliyekimbia kutafuta petroli kabla hata haijajulikana kaiba nini.

Wengi husema tofauti iko kwenye hukumu. Mimi naona inaanza mapema zaidi, kwenye swali la kwanza analoulizwa mtuhumiwa. Kumbukeni EPA, ile akaunti ya Benki Kuu ya kulipia madeni ya nje. Sh bilioni 133 zilitoka Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06 kwenda kwa kampuni 22, nyingine kwa nyaraka za kughushi. Agosti 2008 Rais Kikwete alisimama bungeni akasema atakayerudisha kabla ya Oktoba kwisha hatashtakiwa. Kweli zilirudi nyingi, na waliobaki nazo wakapelekwa Kisutu Novemba ile, wengine wakafungwa. Lakini waliorudisha hata majina yao hatukusomewa. Septemba 2019 Rais Magufuli naye akatoa siku saba kwa wenye kesi za uhujumu uchumi: ombeni radhi, lipeni, mtoke. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akarudi na orodha ya watu 467 waliokuwa tayari kulipa zaidi ya Sh bilioni 107.

Yaani ukiiba kikubwa, ulichoiba ndicho kinachokukomboa. Aliyeiba simu ya laki mbili nani amewahi kumuuliza, "Kijana, unarudisha lini?"

Nawasilisha.

Bodaboda Msomi

Mkuu, nakuheshimu ila hapa umetuacha njiani. Mimi naendesha usiku. Bilioni 133 za EPA hazijawahi kunishikia panga. Vijana wa genge la Panya Road walipotamba Dar mwaka 2022 walikuwa wanaingia nyumba hadi nyumba, wanakata watu mapanga mbele ya watoto wao. Ukimweka huyo mizani moja na mhasibu aliyechezea vocha, unamtukana aliyekatwa. Miaka 30 mimi naona sawa kabisa.

Habari ya kiberiti siitetei. Lakini jiulize kwa nini watu wanafika huko. Mnamkamata kibaka Jumatatu, mnampeleka kituoni, Jumatano mnakutana naye kwa muuza chipsi anawakonyeza.

Mama Ushirika

Baba, usiseme kalamu haimwagi damu. SACCOS yetu, chama chetu cha akiba na mikopo, ilikuwa na mtunza hazina, sitaitaja wala mji wake. Akiba za akina mama wauza mboga ziliyeyuka kwenye mikopo ya watu hewa. Wapo walioahirisha upasuaji kwa sababu akiba waliyoitegemea haipo. Yupo aliyemrudisha mtoto nyumbani toka bweni. Hakuna aliyempiga yule bwana hata kofi. Tulikaa naye vikao! Tukampigia simu kwa heshima, "shikamoo kaka, ile hesabu yetu vipi?" Leo kwenye harambee anaitwa mgeni rasmi, na akitoa laki tano tunapiga vigelegele. Laki tano zetu wenyewe.

Mnakumbuka DECI ya mwaka 2009, ule upatu wa kuweka pesa uahidiwe nyingi zaidi? "Panda mbegu uvune." Waliopanda walikuwa mama ntilie, walimu, wastaafu na kiinua mgongo chao. Waliokuwa wanaisimamia walikuwa wachungaji, na mahakama ilipowatia hatiani mwaka 2013 iliwapa kuchagua, kifungo au faini. Serikali ilipoizuia, wapo waliopanda mbegu waliolia kwamba imewaonea. Hapo ndipo mleta mada angeanzia, asianze na Kikwete. Sisi wenyewe tunamwamini mtu aliyevaa suti akituibia kuliko kijana wa ndala ambaye hajatuibia.

Kona ya Mahakama

Niweke mambo mawili matatu sawa, maana naona hoja nzuri zinapanda juu ya habari nusu.

Kwanza, si kweli kwamba sheria ya Tanzania inawabembeleza wa kalamu. Utakatishaji fedha hauna dhamana, sawasawa na unyang'anyi wa kutumia silaha. Miaka ile ya 2017 kwenda mbele kosa hilo lilibandikwa kwenye hati za mashtaka hata pale ambapo halikukaa vizuri, na watu wakasota mahabusu miaka, "upelelezi haujakamilika", tarehe inasogezwa. Hizo siku saba zilitolewa kwa watu waliokwishachoka. Mtu aliyekaa ndani miaka miwili bila ushahidi kusomwa atakiri chochote. Mapema 2023 Rais Samia mwenyewe alihoji pesa za makubaliano yale zilikokwenda. Kwa hiyo mleta mada anaona upendeleo pale ambapo mimi naona pia dhuluma, na zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa kesi tofauti.

Pili, ushahidi. Kibaka anakamatwa na simu mkononi, shahidi ndiye mwenye simu, kesi inakwisha upesi. Kesi ya nyaraka inataka ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, wachunguzi wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanaojua kusoma vitabu vya hesabu, benki tatu zitoe taarifa, halafu kibali cha DPP. Mtuhumiwa ana mawakili wanne. Huo mwanya wa muda ndio mazungumzo ya kurudisha yanapopatikana.

Tatu, na hili wengi hawalijui: sheria ya mwaka 2019 iliyoleta makubaliano ya kukiri kosa haikumweka mwizi mdogo kwenye orodha ya wasioruhusiwa. Waliotajwa ni wa ugaidi, uhaini, dawa za kulevya za thamani kubwa na kadhalika. Kibaka anaruhusiwa. Hana tu wakili wa kumwambia hivyo.

Mbongo wa Ughaibuni

Msidhani ni Bongo tu. Ile rada tuliyouziwa na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28: mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kushindwa kutunza kumbukumbu za hesabu. Faini pauni laki tano. Ikalipa pauni milioni 29.5 kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule. Nani alifungwa?

Bodaboda Msomi

Lakini madawati yalipatikana. Angefungwa mzungu mmoja, mtoto wa Tandahimba angekaa chini vilevile. Ndiyo maana mimi sina shida na kurudisha. Pesa irudi.

Mleta mada

Nashukuru wote. Mama Ushirika, nimekuelewa, na harambee yako imenichoma kuliko EPA.

Bodaboda, sijasema mwenye panga aachiwe. Nasema kama pesa kurudi ni jambo jema, basi liwe jema kwa wote, na anayerudisha ajulikane jina. Kurudisha kimya kimya ni kuweka akiba mahali pengine: ukikamatwa unatoa, usipokamatwa unakula. Na abaki na alama. Aliyefungwa kwa kuiba kuku haajiriwi hata ulinzi. Aliyerudisha bilioni anagombea.

Kona ya Mahakama, swali moja: ule ufagio wa Sinza, aliyeiba kuku anaweza kuupata?

Kona ya Mahakama

Anaweza. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamhusu yeyote ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu, na kwa kweli ilikusudiwa zaidi kwa watu kama yeye, kupunguza msongamano magerezani. Ndugu zake waende wakaulize ofisi ya huduma za uangalizi iliyo karibu na gereza. Wa kisu hapana.

Mama Ushirika

Na mtunza hazina wetu?

Kona ya Mahakama

Mama, yeye mpaka kwanza mumshtaki. Mna nakala za vitabu?